Kusoma Picha ya Foleni

Kila uchaguzi una picha yake ya foleni. Ile ya Afrika Kusini ya mwaka 1994, iliyopigwa kutoka angani, wengi tunaijua: mstari wa watu unaopinda kama nyoka, hauna mwisho. Sisi tumeirithi. Magazeti yetu huchapa akina mama wenye kanga na wazee wenye mikongojo, na chini yake huandika maneno yaleyale: wananchi wajitokeza kwa wingi. Ninasoma shahada ya umahiri katika fasihi, na tunafundishwa kuuliza picha inaficha nini. Hii inaficha saa.

Vituo vya Tanzania Bara hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Hizo ni dakika 540. Kituo chenye wapiga kura 400, wakija wote, lazima kimalize mtu mmoja kila dakika moja na sekunde 21: jina litafutwe daftarini, zitolewe karatasi za rais, mbunge na diwani, aingie kwenye kituturi, atumbukize, apakwe wino. Jina moja likitafutwa dakika tano, zamu za watu watatu zimeshapita.

Kuna wakati hasara hii ilionekana. Tarehe 29 Oktoba 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi, vifaa vilichelewa Dar es Salaam na vituo vingi havikufunguliwa kwa wakati. Tume ilifuta kura za majimbo yote saba ya jiji, zikarudiwa 19 Novemba.

Kwetu Mafia hasara haina kelele kiasi hicho. Tarehe 25 Oktoba 2015 ilikuwa Jumapili, siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Wakati wa bamvua maji hukupwa asubuhi, na ndipo wanawake huenda mwambani kutafuta pweza. Mama yangu mkubwa alitoka kwenye foleni akiwa na watu kama thelathini mbele yake. Aliniambia tu, "Mwanangu, maji yakishajaa pweza simwoni." Hakurudi, na hakuna aliyempiga picha.

Watasema foleni ndefu ni ushahidi kwamba watu wanaithamini kura. Ni kweli, na anayesimama saa nne juani anastahili heshima. Lakini heshima hiyo ni yake, si ya aliyepanga kituo. Hata kanuni nzuri ya kumruhusu kupiga kura kila aliyekuwa kwenye mstari ifikapo saa 10:00 humlinda anayeweza kusubiri. Mwenye mshahara hapotezi kitu Jumapili. Mvuvi hupoteza bamvua.

Kwa hiyo sipendi tena maelezo ya "wajitokeza kwa wingi". Anayeandika chini ya picha atuambie mtu wa kwanza alifika saa ngapi, wa mwisho alipiga kura saa ngapi, na wangapi waliondoka. Na anayepanga vituo vya pwani aweke makarani na vituturi vya kutosha asubuhi, watu wawahi maji. Jedwali la kujaa na kupwa kwa bahari hutolewa mapema, la mwaka mzima.