Kuwamba Upya Kiti cha Wegner

Kiti cha Y cha Hans J. Wegner kikiletwa kwa fundi, mara nyingi kasoro ni ileile: kamba za kikalio zimekatika kwenye ukingo wa mbele, pale mapaja yanaposugua kila mtu anapoketi na kuinuka. Mwenye kiti hutaka kamba mpya, basi. Lakini kikalio hunyooka au hupinda kutokana na yaliyofanyika kabla ya kamba kuguswa.

Wegner, mtoto wa fundi viatu aliyeingia useremala akiwa kijana mdogo, alikibuni kiti hiki mwaka 1949. Kampuni ya Carl Hansen & Søn ya Denmark ilianza kukitengeneza mwaka 1950. Kamba yake ni karatasi iliyosokotwa, iliyoshika nafasi ya kamba za mimea zilipoadimika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kikalio kimoja hula takriban mita 120.

Kiti ninachokichambua ni cha mwaloni. Fundi alikata kamba kuukuu, akang'oa vimisumari vyote kwa koleo, kisha akatikisa mguu mmoja mmoja. Mguu wa mbele kushoto ulicheza. Kudondoshea gundi kwenye ufa kusingesaidia, maana gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi kavu. Akakigonga kiungo polepole mpaka kikaachia, akakwangua ulimi na tundu hadi mti wenyewe ukaonekana, ndipo akapaka gundi na kubana. Gundi ikiwa bado mbichi alipima mshazari, kutoka mguu wa mbele kushoto hadi wa nyuma kulia, halafu ule mwingine. Vipimo hivyo viwili visipolingana, fremu imekwenda upande, na kamba itauonyesha upande huo kwa miaka yote.

Kusafisha mti kulifuata: maji moto na sabuni ya vipande, kwa kitambaa. Stiliwaya haikuguswa. Chembe za chuma zikikutana na maji juu ya mwaloni huacha madoa meusi, na kuyatoa ni kazi nyingine kabisa.

Sasa kamba. Upau wa mbele ni mrefu kuliko wa nyuma, kwa hiyo mtu akianza kuzunguka pau zote nne moja kwa moja, nyuma kutajaa wakati mbele bado kuna pengo. Dawa yake ni kuziba pembe za mbele kwanza. Kipande cha kamba hupigiliwa ndani ya upau wa kushoto, hupita juu ya upau wa mbele, huuzunguka na kuibuka katikati, hugeuka juu ya upau wa kushoto, huuzunguka pia, kisha huvuka hadi kulia na kurudia yaleyale kinyume. Vipande hivyo huongezwa mpaka nafasi iliyobaki mbele ilingane na ya nyuma. Hapa ndipo ninapomtambua fundi: kila mpishano lazima ukae kwenye pembe mraba. Fundi huyu alisimama mara kwa mara, akagonga mistari kwa kipande cha mbao ili ibanane. Kamba ya kwanza ikilala kombo, zinazofuata zote huifuata.

Baada ya hapo mzunguko huenda kwa kasi, mvuto ukiwa uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, na viungio vya kamba vikifichwa chini. Kwa kuwa kikalio ni kipana kuliko kina chake, pau za pembeni hujaa mapema. Pengo la katikati humaliziwa kwa kwenda mbele na nyuma kwa umbo la nane.

Wapo wanaoomba nailoni wakihofia maji. Mimi nawasihi wasifanye hivyo. Nailoni huteleza na kulegea, na mpangilio wote wa zile pembe hupotea. Karatasi hii hutiwa nta. Chai ikimwagika, ifutwe mara moja kwa kitambaa kikavu.