Kinywa cha Kuazima

Pale Ikola, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, Kiswahili kinatosha kuuzia dagaa na kupatana nauli ya boti. Ugonjwa ni habari nyingine. Bibi wa Kisukuma aliyeingia mkoa huu wa Katavi akifuata ng'ombe wa wanawe, akifika zahanati ataeleza tumbo lake kwa Kisukuma, maana ndiyo lugha aliyougulia maisha yake yote. Hapo anahitajika mkalimani, na aliye hodari hunivutia kumtazama.

Kwanza hutulia. Mchanga wa kazi hurukia neno la kwanza. Mzoefu humwacha bibi amalize, hata akianzia msiba wa mwaka juzi. Kisha humgeukia tabibu na kusema "naumwa", si "anasema anaumwa". Ameazima nafsi ya bibi. Tabibu akijibu, nafsi ile anaivua na kuvaa ya tabibu, bila kumchanganya yeyote.

Mahakamani kazi ni ile ile na siyo ile ile. Sheria inataka ushahidi ufasiriwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na mkalimani huapishwa. Shahidi akikoroga maneno, yafike yamekorogeka vilevile. Kuyanyoosha ni kuupendelea upande mmoja. Zahanati haina ukali huo: mkalimani anaweza kumwuliza bibi kama kweli ameelewa vidonge vinamezwa lini. Na kwenye mkutano wa injili, mhubiri akipandisha sauti naye apandishe, la sivyo uwanja unapoa.

Ziwa hili linawajua wakalimani tangu zamani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, Speke hakujua Kiswahili. Alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyejifunza lugha hiyo utumwani India, naye Bombay akayageuza maneno kwa Kiswahili. Kwa mwenyeji asiyejua Kiswahili, alitafutwa mtu wa tatu. Vitabu huwasifu Wazungu wale kwa uvumbuzi. Sifa zangu ningezianzia kwa aliyebeba swali na kurudi na jibu.

Tukirudi zahanati, pagumu kuliko pote ni kwa mkwe. Mara nyingi mjuzi wa lugha zote mbili ni mume wa binti. Bibi anatokwa na damu, mkwe kainamisha macho, na bibi anasema: "Kichwa tu." Tabibu anaandika dawa ya kichwa. Hakuna aliyekosea tafsiri hata kidogo, na mgonjwa anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Mkalimani mwanamke, mtu mzima, hulijua hili bila kuambiwa. Huwaomba wanaume watoke, husogea karibu, huuliza kwa maneno ya staha ambayo bibi anaweza kuyajibu, halafu humweleza tabibu waziwazi.

Kwa hiyo ukimpeleka mama mkwe zahanati, wewe baki nje. Mtafute mwanamke wa rika lake anayezijua lugha zote mbili, na mkimaliza usimpe asante tupu: mlipe, amefanya kazi.