Kizibo Kisichoziba: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Kifaa cha Kusikia

Makala haya yanahakiki istilahi tatu tu, nazo zote zimo katika kijitabu cha kurasa nne kilichokusudiwa wazazi na walimu wa watoto wenye usikivu hafifu. Kijitabu hicho kilitafsiriwa kutoka Kiingereza, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliopitia rasimu yake na kuipitisha. Hatuna budi kukiri hayo mwanzoni, ili msomaji asidhani kwamba tunaketi kumhukumu mtu mwingine. Kasoro zake hatukuziona tulipokuwa mezani. Tulionyeshwa na wenyeji wa Kibondo na Kasulu.

Kwanza tukieleze kitu chenyewe. Shimesikio, ambacho wengi sasa wanakijua, ni chombo kidogo kinachokaa nyuma ya sikio. Ndani yake mna kipazasauti cha kupokea sauti, sehemu ya kuikuza, na spika ndogo ya kuitoa. Sauti hiyo hupita katika mrija mwembamba hadi kwenye kipande laini kinachoingia katika tundu la sikio. Kipande hicho hutengenezwa kwa ajili ya sikio moja la mtu mmoja. Mtaalamu hulikagua sikio, hutanguliza kijisifongo chenye uzi ili kukinga kiwambo cha ndani, kisha husukuma silikoni mbichi kwa bomba. Baada ya dakika chache silikoni hushikamana, naye huitoa ikiwa imechukua kila kona na kila pindo la sikio. Kwa kuifuata hiyo ndipo kipande chenyewe kinapofanywa.

Kazi hii si ya wagonjwa peke yao. Mwaka 1995, huko Marekani, fundi wa sauti Jerry Harvey alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen visikilizio vya namna hiyo, ili asikie wenzake jukwaani bila ya kuongeza kelele za spika. Kwa hiyo istilahi tutakayoichagua itawafaa waalimu na madaktari, na kesho itawafaa wanamuziki na watangazaji.

1. Kizibo

Kijitabu chetu kilikiita kipande hiki "kizibo cha sikio". Huko Kibondo tulimkuta bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake wa umri wa kama miaka saba. Baada ya kumwamkia tulimwuliza shimesikio cha mtoto kiko wapi. Alifungua pindo la kitenge chake na kututolea, kikiwa kizima na safi.

"Mwanangu," alisema, "si mliandika kwamba ni kizibo? Usiku namvalisha, mbuzi wasimwamshe. Mchana namvua, apate kusikia."

Hatukuwa na la kumjibu. Bibi alikuwa amekisoma Kiswahili kama kinavyosomeka. Kizibo ni cha chupa na cha mtungi. Kazi yake ni kuzuia kilichomo kisitoke na kilicho nje kisiingie. Viko vizibo vya masikio vya kweli, navyo huvaliwa na wafanyakazi wa viwandani na migodini ili kujikinga na makelele. Tulichokifanya ni kukipa kifaa cha kusikilizia jina la kifaa cha kutosikilizia. Mtoto akapoteza mchana mzima wa masomo kila siku, wala si kwa ujinga wa bibi yake. Alipoteza kwa sababu ya neno letu.

2. Kalibu

Wako wenzetu waliopendekeza "kalibu ya sikio", kwa kuwa Kiingereza chenyewe hutumia neno linalotumika pia kwa kalibu. Hapa mfasiri amefuata neno akakiacha kitu. Mfyatua matofali yeyote wa Kasulu anajua kwamba kalibu ni kile kinachobaki mkononi, na tofali ni kile kinachotoka. Katika kazi tunayoizungumza, kalibu ni sikio lenyewe. Silikoni humiminwa ndani yake, ikatoka na umbo lake. Kuliita tofali kalibu ni kosa ambalo watoto wa huko wangelicheka, nasi hatuoni sababu ya kulirithi kwa kuwa tu limetoka katika lugha nyingine.

Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Mzazi aelewaye kwamba sikio ndilo kalibu, ataelewa papo hapo kwamba kalibu hiyo inakua, na kwamba kilichotengenezwa mwaka jana hakitafaa mwaka huu. Mtoto mchanga huweza kuhitaji kipya mara kadhaa kwa mwaka mmoja.

3. Kubana

Kosa la tatu ndilo lililotusumbua zaidi, kwani limejificha katika kitenzi. Kijitabu kinasema: hakikisha kifaa kimebana vizuri, na kikipiga mluzi, punguza sauti. Kubana ni kuminya. Mzazi aliyeambiwa kifaa kibane, akiona mtoto analia kwa maumivu, atadhani mambo ni sawa. Na Kiswahili kinacho kitenzi chake tangu zamani: nguo humwenea mtu, kiatu humwenea. Kinachoenea hakiminyi wala hakipwayi.

Ushauri wa kupunguza sauti nao unahitaji kusahihishwa. Mluzi hutokea pale sauti iliyokuzwa inapovuja pembeni mwa kipande, ikarudi kwenye kipazasauti na kukuzwa tena bila kikomo. Ni dalili kwamba kipande hakimwenei mtoto, au hakikuingizwa sawasawa. Mwalimu akipunguza sauti mluzi utanyamaza, lakini mtoto atapoteza sauti nyembamba zilizo dhaifu. Nguvu kubwa ya sauti ya "s" iko juu ya hezi 4,000. Mtoto asiyeipata hawezi kutenganisha kwa sikio "fuka", "suka" na "shuka", nasi tutamwandikia kwamba ni mzito wa kuelewa.

Kwa upande mwingine, kipande kinachopwaya huvujisha kwanza sauti nene. Jambo hili lina uzito wa pekee katika nyanda hizi za Kigoma. Kiha ni lugha ya toni, kama Kirundi jamaa yake, na sarufi yake aliyoichapisha Lotta Harjula mwaka 2004 inalionyesha hilo. Mpando na mshuko wa sauti hubeba maana, na msingi wake umo katika sauti nene za msemaji. Mtoto wa Kasulu anahitaji sauti nyembamba kwa Kiswahili cha darasani na sauti nene kwa Kiha cha nyumbani, na vyote viwili hupita katika kipande kimoja kisichozidi ncha ya kidole. Ndiyo sababu ubora wa sauti na kuenea kwa kifaa si mambo mawili.

Mapendekezo

Tunapendekeza "umbosikio" kwa kipande chenyewe, neno linalokaa vema kando ya "shimesikio". "Chapa ya sikio" kwa silikoni inayotolewa kwanza. Na "kuenea" kwa kitenzi. Visikilizio vya wanamuziki vitaitwa "visikilizio vya umbosikio". Hatuoni haja ya kukopa, maana sharti la kwanza la kazi yetu ni kupekua ghala la Kiswahili kabla ya kubisha hodi kwa jirani.

Mwalimu mmoja wa Kasulu alituambia kwamba yeye huwaeleza wazazi hivi: "Ni kiatu cha sikio." Hatukuliweka katika orodha, kwa kuwa katika vitabu vya kitaalamu lingechekesha. Hata hivyo tunakiri kwamba maneno hayo matatu yanafundisha kuliko kurasa zetu nne. Kiatu kina kipimo, kikibana kinaumiza, kikipwaya kinavuka, na mtoto akikua hununuliwa kingine. Tumeomba yaandikwe katika ukurasa wa kwanza wa chapa mpya ya kijitabu.

Istilahi haitoi silikoni wala haimleti mtaalamu Kibondo. Wala si kila mtoto kiziwi anahitaji shimesikio. Wengi lugha yao ni lugha ya alama, nayo inastahili uhakiki wake. Lakini pale kifaa kinapokuwa kimekwisha kufika, ni aibu kikikwamishwa na neno. Tangu safari ile tumejiwekea desturi: kabla ya kupitisha istilahi ya kifaa, tunamsomea atakayekitumia, kisha tunamwuliza atafanya nini. Jibu lake likiwa kinyume cha kazi ya kifaa, tunaanza upya. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu walioko wilayani, watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi.