Mbidi Kiluwe na Kabila Lisilo na Inchi

Jioni moja hapa Naviundu vijana watatu walikuwa wanabishana chini ya muembe. Wa kwanza, Muluba wa upande wa Kabongo, alisema: «Sisi ni wana wa Mbidi Kiluwe, muwindaji aliyetoka mashariki. Yeye ndiye aliyeleta ufalme. Ninyi wengine mulikuwa watu wa Nkongolo tu.» Wa pili akamujibu upesi: «Kama babu yako alitoka mashariki, basi rudi kwenu mashariki.» Wa tatu alicheka. Mimi sikucheka, kwani wale wawili, hata wakipigana kwa maneno, walikuwa na kosa moja. Wote wawili waliamini kwamba kulikuwa kweli kabila la wawindaji wa kutembea-tembea, wenye desturi zao, ambao siku moja walivuka Lualaba wakaja kutawala.

Hadisi yenyewe inajulikana, nitaipitia kwa maneno machache. Nkongolo Mwamba, mwenye jina la upinde wa mvua, anatawala kwa ukali na kuwatwaa dada zake mwenyewe. Muwindaji mugeni anafika. Bulanda na Mabela, dada za Nkongolo, wanaona sura yake ndani ya maji mbele ya kumuona yeye mwenyewe. Anawaoa, na Bulanda anamuzaa Kalala Ilunga. Kiisha mugeni anazarauliwa, anarudi kwao. Mutoto anakua, anamushinda mujomba wake katika muchezo, anaponyoka shimo lililofunikwa kwa mukeka penye uwanja wa ngoma, anakimbia ng'ambo ya Lualaba na kurudi na jeshi. Nkongolo anakatwa kichwa. Hapo unaanza ufalme mutakatifu, ndio bulopwe.

Sasa, ndugu musomaji, tuulize hadisi hii namna tunavyouliza kila maandiko ya zamani: inatuambia nini juu ya kabila la yule muwindaji? Tukitafuta vizuri, tutashangaa. Masimulizi mengine yanasema aliacha kwao akimufuata simba wa dada yake aliyepotea. Mengine yanasema alifuata mawindo tu. Lakini namna watu wake wanavyojenga, wanavyozika wafu wao, wanavyogawanya nyama kati ya wakubwa na wadogo, wanavyotambika, karibu hakuna neno. Kitu kimoja tu kinaelezwa kwa uangalifu mukubwa, nacho ni kinywa. Mbidi Kiluwe hali mbele ya watu. Anaomba nyumba ya pekee apate kula na kunywa kwa siri. Hacheki mbele ya watu, na meno yake ya mbele yamechongwa. Nkongolo, yeye, anakula mbele ya wote, anakunywa mupaka kulewa, anacheka kwa sauti kubwa.

Kabila gani la watu linaweza kuishi kwa desturi za kinywa peke yake? Hakuna. Kila desturi ya mugeni ni desturi ya Nkongolo iliyopinduliwa. Aliyeitunga hadisi hakutembea mashariki kuangalia wawindaji. Alikaa katika kiwanja cha mufalme, akatazama mulopwe wa siku zake, ambaye kweli hakupaswa kuonekana akila, na akaulizwa na watoto: juu ya nini? Jibu lake ni Mbidi Kiluwe. Desturi ilikuwako kwanza, kabila likazaliwa nyuma kusudi kuieleza. Nasema haya bila kuizarau hadisi. Ni kazi ya akili nyingi: yule asiyejua kufunga kinywa chake hawezi kufunga mukono wake, na atafika mupaka kuwatwaa dada zake.

Kuna jambo lingine ambalo wasomaji wengi walilipita. Katika masimulizi yanayotaja rangi, Nkongolo ndiye mwekundu, na muwindaji ndiye mweusi, mweusi wa kung'aa, na weusi huo ndio uzuri wake. Hapo nawakumbuka wale wataalamu wa Ulaya waliofundisha kwamba kila ufalme wa Afrika uliletwa na wachungaji weupe-weupe kutoka upande wa Misri na Ethiopia. Mwingereza Seligman aliliandika fundisho hilo bila haya katika kitabu chake cha 1930. Watu wa namna hiyo waliposikia habari ya mugeni kutoka mashariki, walifurahi kupata ushuhuda, lakini hawakusikiliza mupaka mwisho. Hadisi yenyewe ilikuwa inawakatalia.

Tena mugeni huyu hakuwatembelea Waluba peke yao. Kwa Walunda anafika chini ya jina la Chibinda Ilunga, tena muwindaji, tena mupole, na malkia Ruwej anamupenda na kumupa alama za ufalme. Walunda wanasema alitoka kwa Waluba. Waluba wanasema baba yao alitoka mbali zaidi. Namna hii kila nyumba inamutuma jirani wake kutafuta mwanzo. Wenzetu waliosoma Kilatini watamukumbuka Enea, anayetangatanga baharini mbele ya kuwa babu wa Waroma. Na Tacitus, mwaka wa 98, alipowasifu Wagermani kwa usafi wa ndoa zao, wasomaji wengi wameona kwamba jicho lake lilikuwa Roma. Mugeni mwema ni fimbo ya kumupiga mutu wa nyumbani.

Watu waliotufasiria hadisi hii walifanya nini? Verhulpen, katika kitabu chake kikubwa cha 1936 juu ya Waluba, aliikata vipande viwili: dola la kwanza la Nkongolo, dola la pili la Kalala Ilunga. Wengi walimufuata. Ilikuwa kazi ya mutumishi wa serikali aliyetaka kila chifu awe na cheti chake, na tunaweza kumusamehe. Luc de Heusch, mwaka wa 1972, alienda upande mwingine: akaacha miaka, akasoma rangi, maji, kinywa kilicho wazi na kinywa kilichofungwa. Kwa maoni yangu yeye alisoma vizuri zaidi, na bila yeye nisingeliona mimi mambo ya kinywa. Lakini katika kitabu chake hadisi inajiwaza yenyewe, kama haina mutu anayeisimulia. Inamupasa kukumbuka Bambudye, chama cha watunza-kumbukumbu, na lukasa yao, ule ubao wa shanga na misumari wanaoupapasa kwa kidole wakisimulia. Ubao ni mumoja, lakini masomo yake yanageuka kufuatana na musomaji, na chifu anayeketi mbele yake, na haki anayoidai. Thomas Reefe, mwaka wa 1981, aliangalia mambo hayo ya siasa kwa macho makali zaidi.

Mwisho ardhi ikasema. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, Nenquin alichimba makaburi mwaka wa 1957, Hiernaux mwaka wa 1958, na nyuma yao Pierre de Maret aliendelea katika Bonde la Upemba. Walikuta nini? Hawakukuta alama ya jeshi la wawindaji waliovunja kila kitu na kuanza upya. Walikuta watu waliokaa karibu na maji, wavuvi na wafuaji, ambao vyungu vyao vinageuka polepole tangu karne ya 7 na kuendelea, mupaka unaona ndani yake mikono ya mababu wa Waluba wa leo. Tena shoka la heshima, lenye mupini uliopambwa kwa misumari, na nyundo ya kufulia chuma, vitu ambavyo Waluba wanavihesabu kuwa alama za ufalme, vilikuwa tayari ndani ya kaburi kati ya karne ya 8 na ya 10. Hakuna aliyevileta mabegani kutoka mashariki.

Wala hatuhitaji kwenda mbali mupaka Kisale. Hapa penye chemchemi za Naviundu, mahali vijana wangu walipobishana, zilionekana alama za watu waliokuwa wanayeyusha shaba katika karne ya 4. Hao walikuwa Waluba? Walamba? Wasanga? Majina haya hayakuwa bado na maana tunayoyapa leo. Anayesema «sisi tulifika wa kwanza» na anayesema «sisi tulileta ufalme» wote wawili wanakanyaga majivu ya tanuru za watu wasiowajua.

Na si maneno ya kuchezea. Katika mwaka wa 1992 na wa 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala siku nyingi penye stasio ya treni, na wagonjwa na watoto wakafa. Waliofukuza walikuwa na maneno yale yale midomoni: mwenyeji, mugeni, rudi kwenu. Lakini hadisi iliyo kubwa kuliko zote katika inchi hii inamuweka mugeni kitini pa ufalme, na mwenyeji wake inamufanya jeuri. Yule anayetaka kuitumia kwa kufukuza watu, kwanza aisome.

Kijana wangu wa Kabongo anarudi kwao likizo ijayo. Nimemuomba aiandike hadisi kama mukubwa wa kwao anavyoisimulia, bila kuirekebisha kufuatana na vitabu, na juu ya ukurasa wa kwanza aandike mambo mawili: ni nani aliyesimulia, na ni nani waliokuwa wameketi wanamusikiliza.