Kopo la Fedha na Wenyewe

Kopo la fedha la kunywea bia, lenye mfuniko na mkono uliopinda, kazi ya London ya karne ya 18, limelazwa juu ya kitambaa laini. Mtafiti anayefuatilia wenyewe wake wa zamani haanzi na karatasi. Huligeuza taratibu penye mwanga wa dirisha, kioo cha kukuzia jichoni, akitafuta mihuri: simba anayetembea, shahidi kwamba fedha safi ni sehemu 925 kwa 1,000, kichwa cha chui cha London, herufi ya mwaka, na herufi za mfua fedha. Muhuri uliolika kwa kusuguliwa hausomeki kwa pupa. Huliinamisha kopo kidogo, akingoja kivuli kiingie ndani ya alama.

Kisha mizani. Uzito wa awali mara nyingi ulikwaruzwa kwenye kitako, kwa wakia. Ukipungua kidogo, ni kusuguliwa tu. Ukipungua sana, huenda nembo ya mwenyewe wa kwanza ilifutwa. Ukizidi, kuna kilichoongezwa: enzi ya Malkia Victoria makopo mengi yalitiwa mdomo wa kumiminia yakawa majagi. Hapo hulipumulia. Pumzi ikitanda juu ya fedha, mipaka ya kiraka kilicholehemiwa hujitokeza, kisha hutoweka. Hatua hii ndiyo inayonistaajabisha kuliko zote. Haigharimu hata senti.

Nembo nayo ina lugha yake. Mistari ya wima ni rangi nyekundu, ya mlalo ni buluu, vitone ni dhahabu. Ngao iliyogawanywa katikati huunganisha ukoo wa mume na wa mke. Wasio na nembo walichonga herufi tatu zilizopangwa kama mafiga: ya ukoo juu, za mume na mke chini.

Sasa ndipo karatasi. Wasia zilizothibitishwa na mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, hadi 1858, zimo katika Nyaraka za Taifa, Kew. Huzisoma mstari kwa mstari, mwandiko wa makarani ukimtoa machozi. Wanaomsumbua zaidi ni mabinti. Kabla ya sheria ya mali ya wanawake walioolewa ya 1882, mali ya mke kwa kawaida ilihesabiwa ya mumewe, hivyo binti akiolewa kopo lilihamia jina jingine. Basi hufungua vitabu vya ndoa vya makanisa, parokia baada ya parokia, akilinganisha majina na zile herufi tatu. Zikilingana mbili, huandika kwa penseli. Wino husubiri ya tatu.