Mtazamaji wa Filamu na Haki ya Kutoa Maoni

Filamu inapokwisha na taa zikawashwa, kuna kazi nyingine inayoanza, nayo haina mtunzi wala mpiga picha. Watazamaji hutoka wakisema. Mmoja atasema filamu ilikuwa nzuri sana. Wa pili atasema haina maana yoyote. Wa tatu atadai kwamba ingelikwisha pale yule mama alipofariki, kwa maana yaliyofuata yalikuwa ya kujaza muda tu. Maneno hayo huendelea njiani, barazani, mezani wakati wa chakula, na kesho yake huingia darasani na maofisini. Hayaandikwi, na kwa hiyo wasomi wengi huyaona kuwa ni porojo. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba maoni ya mtazamaji wa kawaida ni mwanzo wa uhakiki, kwamba yana vipimo vyake vinavyostahili heshima, na kwamba yana dosari ambazo mwalimu anaweza kuzirekebisha bila ya kumnyima mtazamaji haki yake ya kusema.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba haki hiyo haikutolewa bure. Sinema ilipoanza kutumiwa na wakoloni kuwa chombo cha kufundishia Waafrika, mtazamaji alihesabiwa kuwa mtu wa kupewa, wala hakuhesabiwa kuwa mtu wa kuulizwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwako jaribio la kutengeneza filamu za elimu kwa ajili ya Waafrika, na makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu hizo zilichukuliwa kwa gari na kuonyeshwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda idara maalumu ya filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba filamu za Waafrika lazima ziende polepole, zisirukeruke kutoka mahali hadi mahali, na zisiwe na hila za kamera, kwa sababu eti mtazamaji wa Kiafrika hangezielewa.

Kutokana na fikra za namna hiyo kilizaliwa kisa kimoja mashuhuri, ambacho kilisimuliwa na Mwingereza John Wilson na kuenezwa duniani mwaka 1962 katika kitabu cha Marshall McLuhan. Wanakijiji wa Kiafrika walionyeshwa filamu ya afya iliyoeleza polepole sana namna ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Baada ya kuonyeshwa waliulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Waonyeshaji walishangaa, kwa kuwa hawakujua kwamba filamu yao ilikuwa na kuku. Walipoikagua picha moja moja, wakamkuta: kuku alipita pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi, akiruka kwa kushtuka.

Kisa hiki kimetumiwa mara nyingi kuthibitisha kwamba mtu asiyesoma hajui kutazama picha. Sisi tunakisoma kwa namna nyingine. Katika filamu iliyotengenezwa iende polepole kwa kusudi, ambamo mtu huokota kopo na kumwaga maji kana kwamba yuko usingizini, kitu kimoja tu kilitenda jambo la ghafula kwa hiari yake, nacho ni kuku. Watazamaji waliona kile kilichokuwa hai. Tena walikiona kitu ambacho watengenezaji wenyewe, pamoja na ujuzi wao wote, hawakukiona. Kama jibu hilo lingelitolewa na mhakiki wa London, lingeliitwa jicho kali. Pia tusisahau kwamba kisa chenyewe tumekipokea kutoka kwa wenye filamu. Wanakijiji hawakuulizwa swali la pili, yaani kwa nini walimtaja kuku kabla ya mengine. Hapo ndipo palipo na kosa: maoni yaliombwa, lakini sababu za maoni hazikutafutwa.

Sasa tuwatazame watazamaji waliojichagulia filamu wenyewe na kulipa kiingilio kwa fedha zao. Katika miaka ya 1950 majumba ya sinema ya Unguja, kama Majestic na Empire, na yale ya Dar es Salaam, kama Avalon na Empress, yalijaa watu waliokwenda kutazama filamu za Kihindi. Wengi wao hawakujua Kihindi. Hata hivyo, filamu ya Raj Kapoor iitwayo Awara, iliyotoka mwaka 1951, iliwashika watu wa pwani kwa nguvu ambayo wazee wanaikumbuka hata leo. Hadithi yake ni ya jaji anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Kwa imani hiyo amemhukumu mtu, na mtu huyo analipiza kisasi. Jaji anamfukuza mkewe mwenye mimba, na mwanawe wa damu analelewa katika ufukara na wizi. Mwisho kijana huyo anasimama kizimbani mbele ya sheria ambayo baba yake ameitumikia.

Mtazamaji wa Kiswahili hakuhitaji kufundishwa Kihindi ili aujue mgogoro huo, kwa maana ulikwisha kukaa katika methali zake. Kwa upande mmoja tunasema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa upande wa pili tunasema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hizi mbili zimeishi pamoja katika lugha yetu bila ya kuamuliwa, na filamu ile ilizipeleka mahakamani. Aliyeshika upande wa malezi alikuwa na ushahidi wake katika filamu, na aliyeshika upande wa nasaba alilazimika kueleza imekuwaje mwana wa jaji akawa mwizi. Mabishano ya namna hiyo ni uhakiki wa maudhui uliokamilika, ingawa wenyewe hawakuuita kwa jina hilo.

Vivyo hivyo kwa filamu ya Mother India ya mwaka 1957, ambamo mama anampiga risasi mwanawe mwenyewe ili kulinda heshima ya binti wa kijiji. Je, mama yule ametenda haki? Ajibuye swali hili hawezi kujibu kwa neno moja. Itambidi apime uchungu wa uzazi na wajibu kwa jamii, na apime pia kama filamu imemtayarisha mama huyo tangu mwanzo aweze kufikia tendo lile, au kama limemwangukia tu.

Kutokana na mifano hii twaweza kutambua vipimo ambavyo mtazamaji wa kawaida huvitumia. Cha kwanza ni ukweli wa maisha: huuliza kama watu wa namna ile wapo, na kama mtu aliyefiwa hulia vile. Cha pili ni funzo: huuliza filamu inatuachia nini. Cha tatu ni adabu: huuliza kama anaweza kuitazama pamoja na wazazi wake na watoto wake. Cha nne ni usawa wa hadithi: huuliza kama mwovu amelipwa uovu wake, na kama kila jambo lililoanzishwa limemalizwa. Vipimo hivi si vya kudharauliwa. Ndivyo wazee wetu walivyozipimia ngano na mashairi, na mwanafunzi anayejifunza fani na maudhui atavikuta humo humo, vikiwa vimevalishwa istilahi.

Lakini haifai kuwasifu watazamaji kupita kiasi. Maoni yao yana dosari, na dosari ya kwanza ni kusema bila ya sababu. Neno “nzuri” na neno “mbovu” ni milango. Asiyeingia ndani hajaona nyumba. Dosari ya pili ni kumchanganya mwigizaji na mhusika. Mwigizaji akicheza vyema nafasi ya mke mkorofi, watu humchukia hata akionekana sokoni, kana kwamba ukorofi ni wake. Chuki hiyo kwa hakika ni ushahidi wa ufundi wake, lakini aliyeitoa hajui kwamba ametoa sifa.

Dosari ya tatu inatuhusu kama taifa, nayo ni kuipima filamu ya nyumbani kwa utajiri wa ugenini. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ilitoa Fimbo ya Mnyonge, filamu iliyohimiza maisha ya ujamaa vijijini. Mwaka 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu, filamu fupi inayohusu maradhi ya mwanamke na tiba ya jadi. Anayesema kwamba filamu hizi hazina magari yanayolipuka wala majumba ya fahari amesema kweli, ila hajasema neno juu ya filamu hizo. Ametaja fedha ambazo hazikuwapo. Juu ya Fimbo ya Mnyonge, swali linalofaa ni kama mkulima anayeonyeshwa anasema kama mkulima au anasema kama hotuba. Juu ya Arusi ya Mariamu, swali linalofaa ni kama tunauelewa woga wa mgonjwa na kama mganga ameonyeshwa kuwa mtu au kuwa kioja. Kwa maswali hayo mtu anaweza kuilaumu filamu ya nyumbani vikali, na lawama hiyo itamsaidia mtengenezaji.

Dosari ya nne ni maoni ya kuazima. Video zilipoenea na vibanda vya kuonyeshea vikaongezeka mijini, alizuka msimulizi anayetafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, ambaye watu humwita DJ. Ni fundi wa lugha asiyefaa kubezwa: huwapa wahusika majina ya mitaani kwetu, huongeza mzaha, na huifanya hadithi ya mbali iwe ya jirani. Hata hivyo, anapotafsiri huwa pia anahukumu. Anamcheka huyu na kumsifu yule, na mtazamaji hutoka na hukumu iliyokwisha kupikwa. Siku hizi simu za mkononi zimeizidisha hali hiyo, kwa sababu mtu hupata sifa au kashfa ya filamu kabla ya kuiona filamu yenyewe. Akifika kuitazama, anatafuta tu yale aliyoambiwa. Yule mwanakijiji aliyeona kuku alimshinda mtu huyu, kwa kuwa alitazama kwa macho yake.

Walimu na wanafunzi wa sekondari wanalo jambo jingine linalowahusu kwa karibu. Mwaka 2021 ilitoka filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi inayosimulia Unguja ya miaka ya 1950, siku za kupigania uhuru, na maisha ya Yasmini na Denge. Msomaji wa riwaya akitazama filamu hiyo, maoni ya kwanza yanayomjia ni kwamba si kama kitabu. Maoni hayo ni ya kweli, wala haiwezekani yasiwe ya kweli: riwaya husomwa kwa siku nyingi, na filamu ile ni ya saa moja na nusu hivi. Kazi huanza baada ya kusema hivyo. Kilichoachwa ni kipi, na kwa kukiacha hadithi imeelemea upande gani, wa mapenzi au wa siasa? Jambo ambalo mwandishi alilieleza kwa ukurasa mzima, filamu imelieleza kwa uso wa mtu, kwa mwanga au kwa wimbo? Mwanafunzi anayejibu maswali haya ataifahamu filamu, na akirudi kwenye riwaya ataisoma vizuri zaidi.

Sisi tulio watunzi wa mashairi tunayo desturi inayoweza kutuongoza hapa. Katika majibizano ya ushairi, anayetaka kumpinga mwenzake hana budi kushika vina na mizani ya shairi analolijibu. Sharti hilo laweza kuonekana kuwa pambo tu, lakini lina hekima kubwa. Linamlazimisha mjibu alisome shairi la mwenzake kwa makini, akae ndani ya umbo lake, ajue limejengwa vipi, kabla ya kulibomoa. Asiyeweza kushika vina vya mwenzake huonekana mara moja kwamba hakusikiliza. Mtazamaji wa filamu naye angejiwekea sharti kama hilo: aipinge filamu kwa yale ambayo filamu yenyewe imejaribu kuyatenda. Filamu ya kuchekesha ilaumiwe kwa kutochekesha. Isilaumiwe kwa kukosa huzuni.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu njia rahisi isiyohitaji vyombo vingi. Baada ya wanafunzi kutazama filamu, iwe shuleni au majumbani kwao, waulizwe kwanza wameona nini, na kila jibu lipokelewe, hata likiwa la kuku. Kisha waulizwe kwa nini hilo ndilo lililowashika. Tatu, waulizwe filamu imetumia nini kuwashika: maneno, kimya, sura, muziki, au mpangilio wa matukio. Mwisho, wawili wenye maoni yanayopingana waandike majibizano, kila mmoja akianza kwa kueleza hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akubali kwamba ameelezwa sawasawa. Mwalimu asiharakishe kutoa hukumu yake, maana darasa litaiandika daftarini na mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, tunacho chombo cha kukagua filamu na kuamua ipi ionyeshwe na ipi isionyeshwe. Kazi ya chombo hicho ina mpaka wake. Kibali husema kwamba filamu inaruhusiwa. Hakisemi kwamba inafaa kukumbukwa. Uamuzi huo wa pili hauwezi kufanywa na ofisi, wala hauwezi kuachiwa matamasha ya ng'ambo yanayotupangia zipi ni filamu zetu bora. Ni wa watazamaji, na hufanywa kidogo kidogo, kwa maneno ya njiani na ya barazani, miaka mingi baada ya filamu kuonyeshwa. Ndiyo sababu tunaona kwamba kumfundisha kijana wa sekondari kusema sababu ya kupenda na sababu ya kuchukia ni sehemu ya kazi ya kujenga utamaduni wa Taifa, nayo yaweza kuanza wiki hii, kwa filamu yoyote ambayo wanafunzi wameitazama juzi.