Mchezo mpya wa karata uwekwe pembeni ya ule wa zamani

Wandugu, kuko wazo moja linalorudi kila mara vijana wenye licence wanapokaa pamoja hapa Goma: tutengeneze mchezo wetu wa karata. Mmoja anataka karata za kufundisha kilimo, mwingine za amani, mwingine za kucheka tu. Wazo ni zuri, sina shida nalo. Shida yangu iko kwa namna tunavyoijaribu hiyo michezo. Tunapima michoro, tunapima ujumbe, tunapima makofi siku ya uzinduzi. Kitu chenye hatupimi ni kimoja tu: je, mchezo ukiisha, kuna mtu atachanganya karata tena bila kuombwa?

Tusisahau kwamba kila mchezo mpya unakuta mwenyeji mezani. Mwenyeji ni ule wa 8, wenye tunaita wa Kimarekani. Unatupa karata inayofanana na iliyo chini kwa rangi au kwa namba, 8 inabadilisha rangi, karata fulani zinamlisha jirani yako, na ukibaki na moja lazima useme. Hauna kitabu. Ukihamia meza nyingine unauliza kwanza: hapa adhabu zinapandana ao hazipandani? Wengine wanaona huo ni uzembe. Mimi naona ni jaribio lenye halijawahi kusimama.

Angalieni ndugu zake wa karibu. Kenya wanaita Kadi: J inamruka mtu, K inarudisha mzunguko nyuma, na mwenye amebakiza mkono wa kumaliza lazima atangaze «niko kadi». Tena, huwezi kumaliza kwa karata ya adhabu. Hiyo sheria ya mwisho haikuwekwa kwa kupendeza. Bila hiyo, mwenye bahati angeficha karata kali mpaka mwisho na kuwamaliza wenzake bila wao kuwa na la kufanya. Uganda wana Matatu, na pale kuko ufundi ninaoupenda zaidi. Mwanzoni wanafunua karata moja kuonyesha rangi. 7 ya rangi hiyo njo inakata mchezo. Ikitupwa, kila mtu anahesabu alama zilizobaki mkononi, na mwenye alama kidogo ameshinda. Kwa sheria moja tu wameponya ugonjwa wa familia yote hii, yaani mchezo unaozunguka saa nzima bila mtu kumaliza. Na mwenye mkono mubaya bado ana tumaini. Matatu ilipoingia kwenye simu kupitia Kola Studios ya Kampala, ilikuwa imeshapikwa zamani na meza za watu.

Hata UNO, yenye tunaiona kama kitu cha dukani, ilitoka kwa mabishano. Mwaka 1971, kinyozi mmoja wa Ohio, Marekani, Merle Robbins, alibishana na mtoto wake juu ya sheria za mchezo wa 8. Akatengeneza karata zenye zinaandika sheria juu yake. Familia ikachanga dola 8.000, wakachapa pakiti 5.000, na mwanzoni aliziuzia palepale kwenye saluni yake. Baadaye akauza haki kwa dola 50.000 na senti 10 kwa kila pakiti. Leo UNO ni ya kampuni ya Mattel. Mwaka 2019 UNO wenyewe walitangaza kwamba +2 haiwekwi juu ya +4. Watu wengi walicheka, wakaendelea kuzipandisha. Mwenye chapa hakuweza kushinda meza.

Sasa turudi kwetu. Karata nyingi za kufundisha nilizozishika zina kasoro moja: jibu limeandikwa juu ya karata. «Umekata mti, rudi nyuma.» «Umeweka mbolea, songa mbele.» Mchezaji hachagui kitu, anasoma tu na kutii. Katika 8 nashika 2 mkononi na kujiuliza: nimlishe jirani sasa, ao niingoje mpaka abaki na moja? Hiyo sekunde ya kujiuliza njo mchezo wenyewe. Karata isiyo nayo ni bango lililokatwa vipande 54.

Kasoro ya pili iko kwa jaribio. Tunaita watu 20 kwenye ukumbi, tunawapa fanta na perdiem, mwezeshaji anaeleza sheria kwa dakika 40, wanacheza mara moja, wanajaza fomu. Wote wanaandika «mzuri sana». Wangeandika nini? Mtu aliyelipwa kukaa hawezi kukuonyesha saa angeondoka.

Sisi wa agronomia tunajua hii makosa. Hakuna anayepeleka maharagwe mapya kwa mkulima akisema yamezaa vizuri, basi. Yamezaa vizuri kuliko nini? Unapanda pembeni yake ile mbegu yenye mkulima anaijua, udongo uleule, mvua ileile, na unarudia katika vipande kadhaa vya shamba. Kisha unamwacha mama mwenyewe achague gani atapanda msimu ujao.

Basi tufanye vilevile. Weka pakiti yako mezani pamoja na karata za kawaida. Fanya hivyo Katindo, Majengo, Birere, kwa watu wasiokujua. Usieleze kitu, karatasi ya sheria iseme yenyewe. Usilipe. Kaa mbali, andika wapi wanabishana, wapi wanashika simu. Wakibadilisha sheria yako, usiwasahihishe, iandike. Rudi kiisha wiki moja, uangalie pakiti gani imechafuka. Ile chafu njo imeshinda.

Najua kuna atakayesema: wetu ni wa kufundisha, hauko wa kufurahisha. Lakini somo linalochezwa mara moja mbele ya mfadhili linafundisha nani? Mji huu umepita lava ya Mei 2021 na vita ya Januari 2025. Watu wanangoja mingi: umeme, maji, mshahara, habari za jamaa. Hayo masaa ya kungoja ni yao, na karata ni moja ya vitu vichache wanavyoweza kuyajaza navyo bila kuomba ruhusa. Tukitaka kuingia humo, tuingie na kitu chenye wangechagua wenyewe.

Mwenye ana pakiti yake ndani ya sanduku, ailete kwanza kwenye meza ya 8. Ikikataliwa, hasara ni karatasi tu. Na hapo kwenu, adhabu zinapandana ao hazipandani?